Kwa nini mama aliyefundishwa kujichunguza matiti bado hajichunguzi?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Kilolo, Iringa. Mwezi wa kumi mwaka jana niliwafundisha wanawake 32 wa kikundi chetu cha vikoba namna ya kujichunguza matiti. Walisikiliza vizuri, wakauliza maswali, wakapiga makofi. Nilipowapitia baada ya miezi mitano, waliojichunguza walau mara mbili walikuwa wanne tu. Wengine walisema wamesahau, wengine walicheka, wengine walisema wanaogopa. Mmoja, ana miaka 46, alinivuta pembeni akaniambia ana uvimbe titi la kushoto tangu wakati wa kupanda. Hauumi. Akaniomba nisimwambie mumewe. Nimekosea wapi? Ni elimu ndogo, ni mila, au ni uvivu? Na huyu mama nimfanyeje?

Jibu

Marahaba mwanangu, na kamwene huko milimani.

Nianze na huyo mama, maana yeye ndiye asiyeweza kusubiri. Uvimbe umekaa tangu wakati wa kupanda, hedhi tatu nne zimepita haujaondoka, hauumi, na mwenyewe ana miaka 46. Usimwambie auangalie kwanza. Aonwe na daktari wiki hii. Mumewe si wewe wa kumwambia. Siri hiyo ni ya mama mwenyewe na wewe umeaminiwa. Mwishoni nitakueleza utampelekaje. Sasa nije kwenye swali lako kubwa.

Neno uvivu lifute kwenye daftari lako. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akapanda mlima na jembe begani na mtoto mgongoni, hashindwi na dakika kumi za mwezi kwa sababu ya uvivu. Na elimu ndogo nayo usiikimbilie upesi. Nimekuwa muuguzi mkunga miaka 31, nikianzia Mufindi, nikaja Njombe, kisha Mbeya, na miaka ya mwisho nilikaa kliniki ya matiti. Nimewapokea walimu wa shule na wauguzi wenzangu waliokuja na uvimbe wa mwaka mzima. Walijua kila kitu. Kusoma kunasaidia, kwa kuwa aliyesoma hupata habari mapema na haogopi kumuuliza daktari, ila hakutoshi kumfanya mtu ajiguse kifuani na kutafuta kitu ambacho anaomba Mungu asikikute.

Nikuulize na wewe: siku ile ulipofundisha, ni nani aliyeshika? Nadhani ulionyesha juu ya blauzi yako, wao wakatazama. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mwambie mwanamke aliyefundishwa hivyo akuonyeshe anavyofanya, utamwona anabana titi kwa kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayebonyeza parachichi sokoni kujua limeiva. Ukibana hivyo, kila titi lina uvimbe. Titi la kawaida ndani lina vijidonge, hasa siku za kukaribia hedhi. Basi anajibana, anakuta kidonge, moyo unampasuka, analala siku tatu bila usingizi, kisha uvimbe wenyewe haupo. Mwezi unaofuata hajigusi tena. Huyo atakwambia amesahau.

Mikono ifundishwe. Mimi nilikuwa nafanya hivi: nakanda unga wa ngano laini kuliko wa chapati, natia mafuta kidogo, nachanganya na punje chache za wali uliopikwa, kisha naficha ndani haragwe moja kavu. Donge zima nalifunga kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Kila mama analishika kwa zamu, macho amefumba. Anatumia vidole vitatu vya katikati, vikiwa vimelala, anazungusha polepole: kwanza kwa kugusa juu juu, halafu kwa kukandamiza kiasi, halafu kwa nguvu mpaka chini. Punje za wali zinateleza na kupotea. Haragwe halipotei.

Nakumbuka bibi mmoja, Njombe, kwenye ukumbi wa kanisa. Alishika donge langu mara mbili akasema hamna kitu humu. Nikamshika mkono. Ncha za vidole vyake zilikuwa na sugu ngumu, sugu ya jembe la miaka hamsini, hazisikii chochote. Nikampaka mafuta ya kula kidogo, nikamwonyesha atumie sehemu ya kidole iliyo nyuma ya ncha, pale nyama inapokuwa laini. Akafumba macho tena. Baada ya muda mkono wake ukasimama, akasema: "Lipo hapa. Dogo. Halikimbii." Wenzake wote wakataka kurudia. Tangu siku hiyo naamini kwamba aliyewahi kulikuta haragwe kwa mkono wake atajaribu kujichunguza mwenyewe, na aliyesikia tu ataogopa. Watu wa utafiti wa afya huliita jambo hili kujiamini kwamba unaweza, na wanalikuta tena na tena kuwa miongoni mwa mambo yanayowatenganisha wanaojichunguza na wasiojichunguza.

Halafu fikiria anajichunguzia wapi. Mafunzo mengi yameandikwa na watu wenye bafu la ndani, maji ya moto na kioo kirefu. Kilolo mwezi wa sita, mama anaoga kwa ndoo moja ya maji ya moto kwenye bafu la nje, upepo unapita, giza limeingia, anakimbizana na maji yasipoe. Nani atasimama pale amevua apitishe vidole titi zima? Waambie wafanyie kitandani, chini ya blanketi, kabla ya kuamka. Alale chali, mkono wa upande anaouchunguza auweke nyuma ya kichwa, titi litandazike. Aanzie kwapani, ashuke na kupanda kama anayepalilia tuta kwa tuta, kutoka mfupa wa mtulinga, ule ulio chini ya shingo, hadi chini ya titi, mpaka afike katikati ya kifua. Upande wa juu karibu na kwapa arudie mara mbili, maana karibu nusu ya saratani za matiti huanzia huko. Kipande cha kioo cha mkononi kinatosha kuangalia ngozi: kama imebonyea, kama imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, kama chuchu imeingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, au inatoa damu. Siku nzuri ni chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa yamelegea. Aliyekoma hedhi achague siku anayoikumbuka, kwa mfano siku ya kwanza ya mwezi ya kuweka hisa. Anayenyonyesha afanye mtoto akishamaliza kunyonya.

Sasa nije kwenye neno ulilolipitia haraka, nami ndilo lililonishika kuliko yote uliyoandika: hauumi. Huku kwetu maumivu ndiyo tiketi ya hospitali. Mgongo unauma kila siku na bado watu wanalima. Kisichouma kabisa kitapewaje nauli? Wanawake wengi waliofika kwangu wamechelewa walianza na maneno hayo hayo: "Kilikuwa hakiniumi, nesi." Na saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Nikipewa sentensi moja tu ya kusema kwenye kikundi chako, nitasema hiyo na kuketi. Kwa mama anayenyonyesha mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kila uvimbe unaitwa maziwa yaliyoganda, na mara nyingi ni kweli. Kipimo chepesi: akitibiwa, na baada ya wiki mbili uvimbe bado upo, arudi na asikubali kupewa dawa zile zile mara ya pili bila kupimwa.

Kuhusu woga. Ukimsikia mama anasema "naogopa", usidhani anaogopa vidole vyake. Anaogopa safari. Kijijini kwenu, kama vijiji nilivyovijua, kuna mwanamke aliyepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, basi likashuka mlima Kitonga, na aliporudi alirudi kwenye jeneza. Watu hawakuona kwamba aliondoka na kidonda kinachonuka, titi limekwishapasuka. Waliona alikwenda Dar es Salaam akafa. Tathmini ya huduma za matiti nchini iliyotolewa 2017 ilieleza kwamba takribani wagonjwa wanane kati ya kumi hugunduliwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Ukiwa na wagonjwa wa namna hiyo, taasisi yoyote duniani itaonekana ni mahali pa kufia. Kwa hiyo woga wa wanawake wako una ushahidi, wameuona kwa macho, na hauwezi kuondolewa kwa kipeperushi.

Wewe ni mdogo, huenda hukumbuki tulivyohangaika na Ukimwi. Mikoa yetu iliumia sana. Hata utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 11.4 na Iringa 11.3, juu kuliko mikoa mingine ya Bara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulihubiri kupima mpaka sauti zikakauka. Watu walitujibu: nikishajua, nifanye nini? Hatukuwa na jibu. Kuanzia 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Watu wakamwona jirani aliyekuwa habanduki kitandani anarudi shambani na jembe lake, na foleni ya kupima ikaanza bila mahubiri mapya. Wanawake wale wale, mila zile zile, elimu ile ile. Kilichobadilika ni kwamba swali la "nifanye nini" lilipata jibu.

Hilo ndilo nataka ulishike, mwanangu. Mtu hatafuti kitu asichojua atakipeleka wapi. Wanawake 28 hawakukosa somo lako. Walipiga hesabu: nikikuta uvimbe, nauli ya Iringa mjini sina, Mbeya sina, mume ataniuliza, watoto nitamwachia nani, na mwisho watanikata titi na kunirudisha nimekufa. Hesabu hiyo kila mmoja aliipiga kichwani akaamua asiutafute. Wewe ukiiangalia kama ujinga, mtaachana njiani.

Basi kabla ya kurudia somo, tengenezeni njia. Kikundi chenu kina mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Wekeni kwenye katiba yenu kwamba mwanachama mwenye barua ya rufaa ya uvimbe wa titi anapewa nauli siku hiyo hiyo, bila kikao na bila kuulizwa maswali mbele za watu. Zungumza na mganga mfawidhi wa zahanati yako mkubaliane siku moja ya wiki ambayo mama akija na neno "titi" anaingia chumbani na muuguzi wa kike, asielezee shida yake dirishani. Ulizia hospitali ya wilaya na ya mkoa ni siku zipi mtu wa altrasaundi yupo, usije ukampandisha mtu gari asubuhi akaambiwa rudi Jumatatu. Na mtafute mwanamke mmoja, hata wa wilaya nyingine, aliyetibiwa mapema akapona. Aje akae nao, awaeleze alivyoshona kitambaa akakiweka ndani ya sidiria, na kwamba bado analima. Akiongea yeye nusu saa, inazidi mafunzo yangu ya wiki.

Kuna jambo lazima nikwambie wazi, ili usije ukajilaumu kwa lisilokuwa kosa lako. Kule Shanghai, China, wanawake 266,064 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafundishwa kujichunguza kwa makini na kukumbushwa kwa miaka kadhaa. Matokeo ya mwisho yalitolewa 2002. Vifo vya saratani ya titi vilikuwa karibu sawa: 135 kwa waliofundishwa, 131 kwa wasiofundishwa, na waliofundishwa walipasuliwa vivimbe visivyo na madhara mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kumhesabia mwanamke miezi aliyojichunguza na aliyoruka hakumwokoi. Jedwali lako la "wanne kati ya 32" lipunguzie uzito. Kinachohitajika ni mwanamke aijue hali ya kawaida ya matiti yake, ashtuke mapema kikibadilika kitu, na akishtuka awe na mlango wa kugonga. Andika kwenye daftari lako siku ngapi zimepita tangu mama aseme "nina kitu" hadi alipoonwa na daktari. Namba hiyo ndiyo ya kuipigania.

Na wewe mwenyewe ufundishwe kupima. Mumbai, India, wahudumu wa afya wa kike waliofundishwa walikuwa wakiwapima wanawake matiti kwa mikono. Mpango ulianza 1998, wakafuatiliwa wanawake zaidi ya 150,000 kwa miaka 20. Matokeo yalitolewa 2021: saratani zilikutwa zikiwa ndogo zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu theluthi. Hawa walikuwa watu kama wewe. Muombe mratibu wako wa wilaya mafunzo hayo, ukisisitiza.

Hapo hapo angalia ni akina nani uliokuwa nao kwenye kikundi. Kliniki zetu zinamfahamu mwanamke akiwa mjamzito au akiwa na mtoto wa kupima uzito. Akishamaliza kuzaa hana tena sababu ya kuja zahanati, na hapo ndipo hatari inapozidi kwa sababu ya umri. Bibi zao wafuate nyumbani, kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye kwaya. Na mafunzo usiyapeleke mwezi wa kumi eti kwa kuwa ndio mwezi wa saratani ya matiti. Huko kwenu mwezi wa kumi watu wanaandaa mashamba, kisha mvua inashika hadi mwezi wa nne na barabara inakuwa tope. Uliwafundisha kutafuta uvimbe katika majira ambayo hata wangeupata wasingefika hospitali. Fundisha baada ya mavuno, mahindi yakiwa ndani na hela kidogo ipo mkononi.

Mila ipo, sikatai. Kuna wanaosema uvimbe ni kutupiwa, na kuna mganga wa kienyeji atakayeuchanja na kuupaka dawa mpaka ufunguke. Usigombane naye hadharani, utampoteza mgonjwa. Nimewahi kumfuata mganga nyumbani kwake, nikamwomba jambo moja tu: titi likija kwako, niite kabla hujachanja. Aliniita mara tatu kwa miaka miwili. Wanaume nao waitwe, wasemezwe kwenye kijiwe chao na mwanaume mwenzao, maana wengi ndio wanaoshika nauli, na wengine ndio waliougusa uvimbe kwanza wakaona haya kusema. Wajue pia kwamba mwanaume hupata saratani ya titi, takribani mmoja kati ya wagonjwa mia.

Sasa turudi kwa mama yako wa miaka 46.

Mwambie kwanza kwamba vivimbe vingi vya titi si saratani, na ni kweli, lakini hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa kuvitazama, awe daktari au mganga. Muulize kama kuna mtu mmoja anayemwamini, dada au wifi, aende naye. Kuhusu mumewe, mwachie achague siku. Wengi humwambia wenyewe wakishakuwa na barua mkononi, kwa kuwa barua inazungumza kwa niaba yao.

Pita naye zahanati mchukue rufaa, mwandishi aandike muda wa uvimbe: miezi, si "uvimbe wa titi" peke yake. Akifika hospitali atapimwa kwa mkono, matiti yote mawili na makwapa, kisha altrasaundi, na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, kama ipo. Watataka kuchukua kinyama kwa sindano. Atasikia njiani kwamba sindano inaiamsha kansa na kuisambaza. Si kweli, na bila kinyama hicho hakuna atakayejua ni dawa gani impasayo. Jambo moja ulisimamie kwa ukali: daktari yeyote akisema atautoa uvimbe wote hapo hapo, uliza nyama inapelekwa maabara gani. Nimepokea wanawake waliokatwa uvimbe, ukatupwa, wakarudi baada ya mwaka ukiwa umeota upya na hakuna anayejua ulikuwa nini. Nyama yoyote itakayotoka mwilini mwake ipimwe.

Kabla hamjaondoka, uliza majibu yanatoka lini na yanafuatwa kwa nani, kwa jina, na uache namba yako ya simu pamoja na yake. Majibu mengi hukaa kwenye droo kwa sababu simu ya mgonjwa haipatikani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka lengo kwamba mtu akishafika na dalili, ugonjwa ujulikane ndani ya siku 60. Andika tarehe mliyofika kwenye jalada la daftari lako na uhesabu kuanzia hapo. Zikifika siku 30 kimya, panda gari uende ukaulize. Yakiwa ni saratani, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa itaeleza kama ataendelea huko au atapelekwa Dar es Salaam, na hapo mfuko wa jamii uwe tayari umejadiliwa.

Siku ya kwanza nenda naye mwenyewe. Beba sweta la ziada, mtakaa benchi muda mrefu. Na majibu yakitoka, yawe yoyote, niandikie.